Somo la Mwezi Huu: Likeni za Mitini na Majina Yake Mapya

Mkulima, kesho asubuhi ukienda kukamua, simama kidogo utazame gome la mti mkubwa ulio karibu. Huenda ukaona mabaka ya kijivu au ya kijani yaliyoshikamana na gome, na pengine nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Hizo ni likeni.

Likeni si kitu kimoja. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani mdogo sana. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nayo kuvu huupa makao. Bwana Simon Schwendener wa Uswisi alieleza hivyo katika miaka ya 1860, na wataalamu wengi wa wakati ule walikataa kumwamini. Jina la likeni ni jina la kuvu yake.

Zamani majina hayo yalitolewa kwa kutazama umbo na rangi, na kwa kuitia likeni dawa ili kuona kama itageuka rangi. Siku hizi hupimwa vinasaba, yaani DNA. Wewe mfugaji utaelewa upesi. Ng'ombe mmoja aweza kuzaa ndama mwekundu mwaka huu na mweusi mwaka ujao. Tena ndama wawili weusi waweza kuwa wa mama mbalimbali. Rangi haikuonyeshi mama. DNA ni urithi ulio ndani ya mwili, nayo yaweza kusomwa. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha likeni, hutoa DNA ya kuvu, husoma sehemu moja au zaidi, kisha huzilinganisha na za likeni nyingine.

Tazama yaliyotokea Amerika ya Kaskazini. Katika misitu ya magharibi kuna likeni mbili kama nywele. Ya kwanza, Bryoria fremontii, ni ya kahawia, na wenyeji wa huko tangu zamani waliipika katika mashimo ya moto wakaila. Ya pili, Bryoria tortuosa, ina rangi ya manjano, nayo ina sumu. Sumu hiyo ni ile iliyomo katika likeni nyingine ambayo watu wa Ulaya ya Kaskazini waliitumia kuulia mbwa mwitu. Basi chakula na sumu vilikuwa na majina mawili, na kila mtu aliona ni sawa. Lakini mwaka 2009 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba kuvu yake ni moja!

Tofauti ilitoka wapi? Mwaka 2016 Bwana Toby Spribille na wenzake walitangaza kwamba wameona kuvu ya pili, ya jamii ya hamira, katika ngozi ya likeni hizo, na kwamba ni nyingi zaidi katika ile ya sumu. Hilo halikuthibitisha kwamba hamira ndiyo inayotengeneza sumu. Tena mwaka 2019 likeni nyingine nyingi zilipopimwa, hamira hiyo ilipatikana katika chache tu. Wazee waliochagua ya kahawia hawakukosea. Jina moja halikuiondoa sumu.

Mahali pengine mambo yalikwenda kinyume. Likeni iitwayo Cora, ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa aina moja. Mwaka 2014 DNA ilionyesha aina 126. Kadhalika mwaka 2016 wataalamu, Wakenya wakiwamo, walionyesha kwamba kuvu zilizowekwa pamoja chini ya jina Canoparmelia hazikutoka katika shina moja.

Kwa hiyo usile likeni yoyote, wala usiwaache watoto waionje, hata kama mtu amekusomea kitabuni kwamba aina yake haina madhara. Lakini usinunue dawa ya kuinyunyizia, kwa maana haili mti. Chakula chake hutoka kwa mwani wake. Huonekana sana katika mti dhaifu kwa sababu majani yamepungua na mwanga unafika kwenye matawi. Ukiona hivyo, chunguza mizizi, maji yanayotuama na wadudu wa shina, kisha mpelekee Bwana Shamba tawi lililokauka, si likeni peke yake.