SOMO: Kidogo Kidogo au Fungu Moja?

Somo la safari hii tunaomba lisomwe kwa sauti mkutanoni, na yule anayejua hesabu akae karibu na msomaji, maana kuna hesabu kidogo mbele.

Tuseme leo uko shambani na simu inalia. Ujumbe unasema umepokea shilingi 2,250. Mwezi ujao zinaingia tena, na mwezi unaofuata vilevile. Hukuitwa semina, hukujaza fomu ya mradi, wala hakuna mgeni atakayekuja kukagua kama ulinunua mbuzi au kuku. Sasa jirani yako wa kijiji cha pili yeye ametumiwa pesa za miaka miwili zote kwa pamoja, kisha basi. Baada ya miaka hiyo miwili, nani kati yenu atakuwa mbele?

Hiki si kitendawili cha kuchangamsha mkutano. Jambo lenyewe limefanyika hapa hapa Kenya, na majibu yake yanavihusu vikundi vyetu kuliko yanavyowahusu wafadhili.

Shirika lililofanya jambo hilo linaitwa GiveDirectly. Lilianzishwa na vijana wanne waliokuwa wakisomea uchumi katika vyuo vikuu vya Marekani, na Kenya ndiyo waliyoanzia. Sababu ni M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Kabla ya hapo, kumpelekea mtu wa Siaya pesa mkononi kulihitaji gari, askari na karani wa kuhesabu noti. Baada ya M-Pesa, ni kubonyeza simu tu. Hapo ndipo vijana hao walipouliza swali ambalo wafadhili wengi hawakulipenda: kwa nini tumnunulie maskini ng'ombe, tumlipie na mwalimu wa kumfundisha ng'ombe, ilhali pengine mwenyewe anahitaji mabati?

Na kweli mabati walihitaji. Katika majaribio ya kwanza, Rarieda kuanzia mwaka 2011, wengi waling'oa nyasi wakaezeka mabati. Hofu ya wengi, kwamba pesa zingeishia kwenye pombe na sigara, haikutokea: matumizi ya vitu hivyo hayakupanda. Tena kukaonekana jambo la kukumbuka tunapoendelea. Waliopokea kila mwezi walikuwa na chakula cha uhakika zaidi nyumbani. Waliopokea kwa mkupuo ndio walionunua zaidi vitu vya kudumu.

Baadaye, kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika lilitoa dola 1,000 hivi kwa kila nyumba maskini, nyumba zaidi ya 10,000, katika eneo la Siaya lenye vijiji 653. Si vijiji vyote vilivyopata. Wachumi walifuatilia pesa zile kama mtu anavyofuatilia maji ya mfereji. Mama aliyepata alinunua mabati kwa mwenye duka, mwenye duka akamlipa fundi, fundi akanunua samaki. Walipojumlisha, kila dola moja iliyoingia ilizaa shughuli za karibu dola mbili na nusu katika eneo lile, na bei za vitu sokoni hazikupanda kiasi cha kusumbua. Hata nyumba zilizokosa zilifaidika. Na mwaka 2025 watafiti walitoa taarifa nyingine kuhusu nyumba hizo hizo: vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitalini, na waliweza kupumzika na kazi nzito miezi ya mwisho ya mimba. Wale waliokaa karibu na kituo chenye daktari ndio walioona faida kubwa zaidi. Pesa bila hospitali haifiki mbali.

Lakini tusidhani kila mahali walipokewa kwa vigelegele. Walipoingia Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya watu waliostahili walikataa. Wakasema pesa ya bure haipo, lazima kuna kitu nyuma yake. Uvumi ukaenea kwamba ni pesa za shetani. Mimi siwacheki watu wale. Mtu ambaye ameona miradi ikija na ikiondoka, amechangishwa pesa za usajili na asione tena gari la wale wageni, ana haki ya kuuliza. Kikundi chenu kikiletewa msaada, viongozi wasiseme tu "Mungu ametukumbuka". Waeleze wazi pesa zimetoka kwa nani, za nini, na mwisho wake lini. Palipo kimya, uvumi huwahi kufika.

Haya, sasa turudi kwenye lile swali la mwanzo.

Mwaka 2016 shirika lilianza na kijiji kimoja cha majaribio, kisha likapanua hadi vijiji 195 katika Siaya na Bomet. Kila mtu mzima kijijini alipata, tajiri kwa maskini, bila kuchaguana. Vijiji viligawanywa kwa kura mafungu matatu. Vijiji 44 viliahidiwa pesa za kila mwezi kwa miaka 12, ambazo ni hizo shilingi 2,250 hivi. Vijiji 80 viliahidiwa kiasi hicho hicho cha kila mwezi, lakini kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa fungu moja la dola 500 hivi, ambalo linakaribia jumla ya ile miaka 2. Vijiji vingine 100 havikupata chochote, viliandikwa tu ili kulinganisha. Hilo la vijiji 100 linaniuma mpaka leo, ingawa naelewa kwamba bila hivyo watu wangebishana milele kama ni pesa iliyosaidia au ni mvua nzuri.

Watafiti walirudi baada ya kama miaka miwili, na majibu yao yakatoka mwaka 2023. Watu hawakuacha kufanya kazi. Wengi walipunguza vibarua vya kulipwa wakaongeza shughuli zao wenyewe: kioski, cherehani, biashara ya samaki au nafaka. Wale wa fungu moja walikuwa wamefungua biashara nyingi na mapato yao yamepanda. Wale wa miaka 2 kidogo kidogo walikula vizuri zaidi, na hilo si jambo dogo, lakini kwa upande wa biashara walibaki nyuma. Mpaka hapo hakuna ajabu. Pesa ya mwezi mmoja hainunui cherehani, na ikikaa ndani ya nyumba wiki mbili itapata mtoto mwenye homa au shemeji mwenye shida.

Ajabu ni ya wale wa miaka 12. Kumbuka kwamba siku ile ya kuhojiwa, hao nao walikuwa wamepokea kiasi sawa kabisa na wale wa miaka 2: shilingi zilezile, mwezi kwa mwezi. Hata hivyo biashara zao zilikuwa zimesimama karibu sawa na za watu wa fungu moja. Wamewezaje?

Walicheza merigoraundi! Waliingia kwenye mizunguko ya kuchangiana, ile ile ambayo mama zetu wamekuwa wakifanya tangu zamani za kununuliana sufuria. Kila mmoja alitoa sehemu ya pesa ya mwezi, mmoja akabeba zote, mwezi uliofuata akabeba mwingine. Kwa njia hiyo walitengeneza mafungu yao wenyewe kutoka kwenye matone. Mfadhili alileta kidogo kidogo, kikundi kikageuza kuwa fungu.

Kwa nini basi wale wa miaka 2 hawakufanya hivyo kwa wingi kama wao? Nionavyo mimi, jibu liko kwenye ahadi. Mzunguko ni ahadi ya kesho. Ninayebeba leo nawaahidi kwamba nitaendelea kutoa mpaka wa mwisho abebe. Mtu anayejua pesa itaingia miaka 12 anaweza kuahidi bila kutetemeka, na wenzake wanamwamini. Anayejua mfereji utafungwa karibuni anasita, na wenzake nao wanasita juu yake.

Sasa tufanye hesabu. Chukua wanachama 12, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Anayebeba anapata 12,000. Mwaka ukiisha kila mmoja amebeba mara moja na ametoa 12,000, kwa hiyo hakuna aliyeongezewa hata ndururu. Mzunguko hauzai pesa, unazikusanya tu mahali pamoja kwa siku moja. Lakini angalieni tena. Yule wa kwanza amepata 12,000 akiwa ametoa 1,000 tu. Huyo amekopeshwa na wenzake bila riba. Yule wa kumi na mbili amekuwa akiwawekea wenzake akiba mwaka mzima, na bei za vitu zimepanda akingoja. Kama kila mwaka mnaanza na mwenyekiti na kumalizia na mjane wa mwisho kijijini, mnajua wenyewe mnachokifanya. Mzunguko wa pili geuzeni orodha, wa mwisho awe wa kwanza.

Orodha yenyewe nayo isipangwe kwa kura peke yake. Anayetaka mbolea abebe kabla ya mvua za Machi, si Juni mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mwenye mtoto wa sekondari abebe wakati wa karo ya Januari. Anayetaka cherehani anaweza kubeba mwezi wowote, basi huyo aombwe awapishe wenzake. Mazungumzo haya huchukua mkutano mzima na mara nyingine huleta maneno. Yafanyeni hata hivyo. Fungu likija mwezi usio wake huliwa kama zile 2,250.

Na kiasi cha kutoa mtakipataje? Sisi hatuna mtu wa kututumia pesa miaka 12. Mmoja anategemea maziwa, mwingine mboga sokoni, mwingine bodaboda. Vikundi vingi hupanga mchango mwezi wa mavuno, kila mtu akiwa na moyo mkubwa. Ikifika Mei au Juni, kabla shamba halijatoa, watu wanaanza kukosa mkutano, na yule ambaye bado hajabeba analala macho wazi. Pangeni mchango kwa kuangalia mwezi wenu mbaya kuliko yote. Kama mwezi huo mwanachama dhaifu anaweza kutoa 200, basi mchango ni 200. Mwenye nguvu achukue nafasi mbili akitaka, atoe mara mbili na abebe mara mbili. Na kama pesa zenu huja siku ya soko, kutaneni jioni ya siku ya soko, si mwisho wa mwezi kama watu wa mishahara.

Jambo moja la mwisho, nalo si tamu. Mwaka 2022 shirika hilo hilo liliibiwa dola 900,000 hivi kule Kivu Kusini, Kongo. Walioiba walikuwa baadhi ya wafanyakazi wake lenyewe. Kwa sababu ya hali ya usalama, wafanyakazi ndio waliowasajilia wapokeaji laini za simu, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mawakala wa kampuni ya simu. Anayesajili laini anaweza pia kujua namba ya siri. Pesa zikaonekana zimetumwa, lakini familia nyingi hazikuziona. Shirika lilitangaza lenyewe hadharani kwamba limeibiwa, na kwa hilo nalisifu, kwani wengi wangefunika.

Sasa geukeni mtazame kikundi chenu. Laini inayopokea michango imesajiliwa kwa jina la nani? Namba ya siri anaijua nani? Nimeshakaa katika kikundi ambacho mweka hazina, katibu na mwenye simu walikuwa mtu mmoja, mwaminifu kabisa, mpaka alipougua ghafla na pesa zikafungwa ndani ya simu yake wakati mchango wa matibabu yake mwenyewe ulikuwa humo. Hakukuwa na mwizi pale. Wanachama waliuza debe tatu za mahindi kumpeleka hospitali, huku pesa zao ziko chini ya mto wa mgonjwa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Mtu akibeba leo na kuacha kutoa kesho, sheria yenu inasema nini? Isomeni kutoka kwenye katiba yenu, msijibu kwa kichwa.

2. Orodhesheni miezi 12 ubaoni au chini kwa kijiti. Kila mwanachama aseme mwezi anaohitaji fungu na mwezi ambao kutoa humshinda. Inagongana wapi?

3. Kama mfadhili angewauliza leo mnataka kidogo kidogo au fungu moja, mngejibu nini? Akina mama na wanaume wajibu wakiwa mbalimbali kwanza, kisha mkutane na kulinganisha.

4. Mweka hazina akilazwa usiku huu, kesho asubuhi pesa za kikundi zitatolewa na nani?