DARSA: HUNTHA, HAKI ZAKE, NA WAJIBU WETU



Katika darsa letu tumeletewa suala ambalo twaona si haki kulijibu faraghani likaishia hapo, kwani linawahusu wengi, na wanaolinyamazia ni wengi zaidi. Muulizaji asema: mtoto amezaliwa, na waliomzalisha wametazama wasijue waseme ni mume au ni mke. Watu wa nyumbani wameona afadhali afichwe, asionwe na jirani wala asipelekwe kwa tabibu, mpaka Mwenyezi Mungu atakapodhihirisha. Je, wamefanya sawa? Na mtoto huyu ana haki gani katika dini?

Jawabu yetu ni kwamba hawakufanya sawa, na kwamba haki za mtoto huyu zimeandikwa na wanavyuoni wetu tangu zamani. Aliyemficha ameifuata aibu ya mji, hakuifuata sharia.

Kwanza yatupasa tuyatenge maneno, kwani mengi ya makosa yetu yatoka katika kuyachanganya. Huntha ni jina la umbile: ni mtu aliyezaliwa na alama za mume na za mke pamoja, au asiye na alama iliyo wazi. Siku hizi hapa Kenya husemwa pia mtu mwenye jinsia tata. Neno hanithi ni jingine, ijapokuwa asili yake katika Kiarabu ni moja. Mitaani kwetu limekuwa tusi. Lakini katika vitabu, mukhannath ni mwanamume ambaye mwendo, sauti na maungo yake yafanana na ya wanawake. Na wataalamu wa leo hutenga mambo matatu: mwili ulivyoumbwa, mtu anavyojitambua nafsini mwake kuwa mume au mke au vinginevyo, na upande ambao moyo wake waelekea kwa mapenzi. Haya hayathibitishani. Anayemwona mtu na sauti nyembamba akadai ameyajua yote matatu, huyo amesema asilolijua.

Sasa tutazame sharia. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali alihukumu huntha arithi kwa kuangaliwa mahali anapotokea mkojo. Wanavyuoni wakaendeleza: alama hiyo isipotosha, hungojwa kubaleghe, kukatazamwa hedhi, manii na mengineyo. Zote zikikosekana, ndiye huntha mushkeli. Hapo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aeleza katika Al-Majmuu kwamba huulizwa mwenyewe tabia yake yaelekea wapi, na neno lake hukubaliwa. Hapewi nafasi ya kuchagua alipendalo, bali hutakiwa aeleze alionalo ndani ya nafsi yake. Na akishasema hawezi kurejea, ila likitokea jambo la dhahiri la kumkadhibisha, kama kushika mimba. Basi tazameni: katika madhehebu yetu ya Shafii, yako mambo ya mtu ambayo shahidi wake wa mwisho ni yeye mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mirathi. Mtu amekufa, ameacha mtoto mwanamume mmoja na mtoto huntha mushkeli mmoja, na mali ni shilingi 600,000. Huntha akiwa mume, kila mmoja angepata 300,000. Akiwa mke, angepata 200,000 na nduguye 400,000. Kwa Shafii kila mmoja hupewa lile la yakini: mwanamume 300,000 na huntha 200,000, na zile 100,000 zinazobaki huwekwa mpaka hali ibainike au wapatane. Kwa Imamu Malik, huntha hupewa nusu ya fungu la mume na nusu ya fungu la mke, yaani 250,000. Kwa Abu Hanifa hupewa lililo dogo, yaani 200,000. Wamekhitalifiana katika kiasi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema asirithi. Kadhalika katika sala wamempangia safu yake, baina ya safu za wanaume na za wanawake. Hawakumwambia abaki nyumbani.

Ama mukhannath, Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amewagawa mafungu mawili. Wa kwanza ni aliyeumbwa hivyo, asiyejilazimisha: huyo hana lawama, wala dhambi, wala adhabu, kwani ana udhuru. Wa pili ni anayejifanya kwa makusudi, na huyo ndiye aliyekemewa katika Hadithi. Na Abu Daud amepokea kwamba aliletwa kwa Mtume (S.A.W.) mmoja wao aliyejitia hina mikononi na miguuni. Mtume akaamrisha ahamishwe mjini. Na alipoulizwa kama auawe, akajibu kwamba amekatazwa kuwaua wenye kusali.

Ama matendo, yana mlango wake katika fiqhi, na hatukusudii kuubadili. Lakini mlango huo haufunguliwi kwa dhana. Mwendo na sauti si ushahidi, na anayemsingizia Mwislamu uchafu bila ya mashahidi wanne ndiye aliyejitia katika dhambi kubwa.

Na mtu ambaye mwili wake hauna utata, lakini nafsi yake yamwambia kinyume cha mwili? Hapa wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Mwaka 1988 Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alitoa fatwa kwamba operesheni yajuzu pale tabibu mwaminifu athibitishapo kuwa kuna alama za mwilini zilizofichika, wala haijuzu kwa matamanio matupu. Nchini Iran, kwa fatwa ya Ayatullah Khomeini, zimeruhusiwa kwa cheti cha matabibu. Khitilafu hiyo twawaachia wenye elimu. Lakini katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na aya hiyo haikumtoa mtu yeyote.

Tumrudie mtoto wetu. Jueni kwamba yako maradhi ya tezi zilizo juu ya mafigo ambayo humfanya mtoto wa kike azaliwe na umbo linalofanana na la kiume. Katika namna yake iliyo kali, mwili hupoteza chumvi, na mtoto aweza kufa katika wiki chache za mwanzo, hali dawa yake yajulikana. Basi mzazi anayemfungia ndani akidhani anamsitiri, huenda anamwua. Mpelekeni kwa tabibu upesi. Na akitajiwa kisu, ulizeni kwanza: je, ni kwa kuokoa uhai, au ni kwa kuondoa aibu ya wakubwa?

Na sheria za nchi nazo zimeanza kufumbua macho. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilisikiliza kesi ya mtoto ambaye, katika karatasi za hospitali, mahali pa jinsia paliandikwa alama ya kuuliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakawa 1,524. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetamka kwamba mtoto kama huyu ana haki ya heshima, matibabu na elimu. Si uzuri kwamba serikali iwahesabu leo, na sisi ambao vitabu vyetu viliwapangia safu na fungu karne nyingi zilizopita tuwafiche.

Kwa wanafunzi wa darsa, haya ni masuala ya wiki ijayo:

1. Mtu amekufa, ameacha binti mmoja na huntha mushkeli mmoja. Katika madhehebu yetu kila mmoja apewe nini kwa yakini?

2. Kwa nini Nawawi alitenga aliyeumbwa na anayejifanya, na ni nani awezaye kujua tofauti hiyo?

3. Katika mtaa wako, mtoto kama huyu akizaliwa leo, nani atakayekuwa wa kwanza kumtembelea mama yake?

La tatu halimo kitabuni. Tutalisikiliza kuliko yote.

Wabillahi taufiki.