Siku ya Maandalio Jikoni

Jumatano

Soma Kutoka 16:19-24. Mana iliyobakizwa siku za kawaida ilitofautianaje na ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato?

Siku nyingine, mana iliyolala iliingia mabuu na kunuka. Iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuharibika. Huo ulikuwa muujiza wa Mungu, na Israeli walikula mana kwa miaka 40.

Nasi hupika Ijumaa kabla ya jua kutua, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini Bwana hakutuahidi kwamba sufuria ya wali itakaa mezani usiku kucha bila kuharibika. Mchele huweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa nje, bakteria hao huongezeka na kutoa sumu, nayo haiondoki kwa kupasha moto. Wali huo waweza kunukia vizuri, kisha mtoto akatapika jioni ile ile.

Soma Mathayo 4:5-7. Yesu alikataa kujitupa chini na kudai alindwe. Je, kuombea chakula tulichokizembea si kumjaribu Bwana vivyo hivyo?

Kwa hiyo tufanye sehemu yetu. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kupakua. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Mwenye jokofu akigawe katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi, akifunike na kukiweka humo chini ya nyuzi 5. Sabato akipashe mpaka kitoke mvuke hata katikati. Asiye na jokofu achague vyakula vinavyostahimili kulala: mkate, chapati kavu, karanga za kukaanga, na matunda ya kumenya. Meza hiyo haina upungufu wa heshima mbele za Mungu.

Twaijua vema Walawi 11, wala hatuleti nyama najisi kanisani. Lakini maharage yaliyo safi kwa sheria yaweza kumwangusha mzee wa miaka 80 kwa sababu ya uzembe wetu. Anayeleta chungu kwenye chakula cha ushirika amebeba afya ya kanisa zima.

Ijumaa hii, ni jambo gani moja utakalobadilisha jikoni mwako kwa ajili ya wale watakaokula mkononi mwako siku ya Sabato?