Homa isiyoisha na madoa miguuni: moyo upimwe

Si kila doa linalotokea kwenye ngozi ni ugonjwa wa ngozi. Ukiwa na homa ya wiki kadhaa, jasho la usiku na kukonda, kisha madoa madogo ya zambarau yatokee miguuni, usikimbilie kupaka mafuta.

Madoa hayo hutokea mishipa midogo ya damu inapovimba na kuvujisha damu chini ya ngozi. Bonyeza doa kwa gilasi. Rangi isipofifia, damu imevuja. Kwenye ngozi nyeusi, tazama pia nyayo, viganja na ndani ya kope la chini.

Sababu ni nyingi, lakini yakiandamana na homa, mojawapo ni maambukizi ya moyo. Bakteria kutoka kinywani au kwenye ngozi huingia katika damu na kunata kwenye vali za moyo. Kinga ya mwili hupambana nao, na mabaki ya vita hivyo hukwama katika mishipa midogo, nayo huvimba. Dalili nyingine ni vistari vyeusi chini ya kucha na vinundu vyenye maumivu kwenye ncha za vidole.

Walio hatarini zaidi ni wenye vali bandia, waliozaliwa na kasoro ya moyo, wanaojidunga dawa za kulevya, na wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni.

Kukosea hapa ni hatari. Uvimbe wa mishipa mara nyingine hutibiwa kwa steroidi, dawa zinazopunguza kinga. Ikiwa kuna bakteria moyoni, dawa hizo peke yake huupalilia ugonjwa. Nazo antibiotiki chache za kujinunulia dukani hutuliza homa kwa muda, huku zikiwaficha bakteria wasionekane maabarani.

Kwa hivyo, mweleze daktari dawa zote ulizomeza. Damu huchukuliwa, kwa kawaida mara 3, ili bakteria wakuzwe maabarani kabla ya antibiotiki kuanza. Moyo nao hupigwa picha ya ultrasaundi. Matibabu ni antibiotiki za kupitia mshipani, aghalabu kwa wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji upasuaji. Bila tiba, ugonjwa huu huua, au hupoozesha mwili vipande vinapong'oka kwenye vali na kuziba mishipa ya ubongo.

Mwenye kasoro ya vali asafishe meno kila siku, na amjulishe daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino.