Dispensari Imefungwa, Mgonjwa Tumpeleke Wapi?



Somo la mwezi huu limetokana na jambo lililotokea katika jumuiya ndogo ndogo moja, upande huu wetu wa Ziwa ambako malaria haituachi. Mtoto wa miaka miwili alianza joto siku ya Ijumaa. Jumamosi mama yake akambeba mpaka dispensari, akakuta kufuli. Akanunua dawa ya kushusha joto dukani, akarudi nyumbani kungoja Jumatatu. Jumapili usiku mtoto akashikwa na degedege. Baba akambeba mbio, na wakaenda wapi? Dispensari ile ile! Waligonga geti karibu saa nzima. Halafu wakamwamsha mwenye duka la dawa, naye akawauzia vidonge vichache. Walipofika hospitali ilikuwa saa kumi alfajiri, na viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kwa kukosa damu. Akaongezwa damu, akalazwa, na Mungu ni mwema, alipona.

Nilipowatembelea baba aliniuliza, "Sasa madam, kosa letu lilikuwa wapi, na sisi usiku huo hatukulala?" Ni kweli hawakulala. Lakini usiku walifuata njia waliyoizoea mchana.

Tuelewe hivi. Dispensari ni ngazi ya pili katika mpango wa afya wa Kenya, na nyingi hufanya kazi mchana tu, siku za kazi. Kituo cha afya ni ngazi ya tatu. Vingine vina muuguzi wa usiku kwa sababu ya akina mama wanaojifungua, vingine havina. Hospitali za ngazi ya nne na kuendelea ndizo tunazotegemea kwa dharura ya usiku. Basi muulize sista wa dispensari yako mapema, mchana, wakati hakuna anayeumwa: "Mkifunga, twende wapi?" Usiku pita dispensari bila kusimama.

Je, ni nani asiyengoja asubuhi? Mtoto mdogo asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, au anayehema hata kifua kinabonyea chini ya mbavu. Moja tu kati ya hizo inatosha, usingoje ya pili. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili akiwa na joto, hiyo peke yake ni safari. Mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa vikali na macho yanaona kiwi, aende usiku huo huo hata kama uchungu haujaanza. Mtu mzima mwenye maumivu mazito ya kifua, au ambaye mdomo umekwenda upande na mkono umekufa ganzi ghafula, aende. Watu husema amerogwa, na saa zinapita.

Mafua na kikohozi cha kawaida vinaweza kungoja. Mtoto anayehara lakini anacheza na kunywa vizuri, mpe maji ya ORS nyumbani (soma pakiti uone maji kiasi gani) na umwonyeshe muuguzi kukikucha. Joto huku kwetu lisipite siku moja bila kupimwa malaria. Mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chako huenda ana kipimo cha kudunga kidole, hata Jumapili. Yule mama alikuwa jirani wa mhudumu, lakini hakuna aliyemkumbuka.

Njiani, mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni wala kunyweshwa chochote. Nimeona meno yaliyovunjwa na kijiko. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba, mguu utulizwe tu. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Beba kitabu cha kliniki, kitambulisho, na pakiti ya dawa aliyokwisha kunywa.

Sasa pesa, maana ndiyo hutufunga miguu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka adhabu kwa kituo kinachokataa. Mkiombwa malipo kwanza mlangoni, sema kwa heshima, "Hii ni dharura," na uombe kumwona msimamizi wa zamu. Bili huenda ikafuata baadaye, sitawadanganya. Ndiyo maana ni vizuri kujiandikisha SHA kwa *147#, kwani ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024.

Jumuiya ile sasa imebandika karatasi nyuma ya mlango wa kila nyumba: namba ya mhudumu wa afya, ya mwenye gari anayekubali kuamshwa, ya boda boda wawili, na jina la hospitali. Mwenye gari alikubali kwa sharti moja, kwamba mafuta yalipwe kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo kila nyumba hutoa shilingi 50 kwa mwezi. Mzee mmoja alinung'unika kwamba yeye hana mtoto mdogo. Mkewe akamkumbusha pressure yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

Usiku wa leo mtoto akishikwa na degedege, nani ataamshwa kwanza, na namba yake iko wapi?

Mvua ikinyesha na mto ukijaa, tutapitia njia gani?

Ni nyumba gani kati yetu haina simu, na nani atakuwa karibu nayo?