Usingizi wa Mtoto na Mafunzo ya Mtaalamu

Mtaalamu anayejifunza kutibu matatizo ya usingizi wa watoto wadogo huelekea kumtazama mtoto peke yake. Hilo ni kosa.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, C. D. Williams, alieleza habari za mtoto wa miezi 21 aliyekuwa ameugua sana tangu kuzaliwa. Alipopona, hakukubali kuachwa kitandani. Mlezi akitoka, yeye hupiga mayowe. Ikawa lazima mtu akae naye kati ya nusu saa na saa mbili kila usiku. Baada ya kuthibitishwa kuwa hana ugonjwa tena, wazazi walimlaza kwa upole, wakaaga, wakafunga mlango. Mara ya kwanza alilia dakika 45. Kufikia mara ya kumi hakulia kabisa.

Yapata juma moja baadaye, shangazi yake alimlaza, akasikia kilio, akarudi kukaa naye hadi akasinzia. Ikabidi tiba ianzwe upya.

Basi mwanafunzi na afundishwe kuuliza: nani humlaza mtoto? Nani huamka usiku? Nani hawezi kuvumilia kilio? Wote waitwe, bibi na yaya wakiwamo, waonywe kwamba kilio huweza kuzidi kabla ya kupungua. Asiyeweza kufunga mlango asilazimishwe. Na akae kitini kando ya kitanda, akikisogeza kiti kuelekea mlangoni siku hadi siku. Njia hiyo ni ndefu, lakini naiona bora kuliko ile ya mkato inayoachwa usiku wa tatu.