KUTENGENEZA MOTOKARI YA ZAMANI NDANI YA LUPANGO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba,

Kazini unavaa kofia, miwani na viatu vyenye ncha ya chuma. Kabla ya kugusa mashini unakata umeme, unatia kufuli yako, unaweka ufunguo mfukoni. Hakuna kapita atakayekuacha upite chini ya mzigo unaoning'inia. Lakini siku ya Jumamosi, nyuma ya saa sita, tunakukuta umelala chini ya motokari yako, kandambili mguuni, kriki moja tu inashikilia chuma chote, na mtoto wa miaka sita ndiye anayekumulikia tochi. Mtu ni yule yule, mwili ni ule ule. Sababu gani sheria zibaki mlangoni mwa mgodi?

Somo la leo ni juu ya kazi hiyo ya lupango. Tumechagua motokari moja iwe mfano: Alfa Romeo 164. Ilianza kutengenezwa mwaka 1987 katika kiwanda cha Arese, karibu na Milano, nchini Italia, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina. Ilikuwa motokari ya wakubwa, na zile za bei kubwa zilipewa mota ya silinda sita. Ni ndugu wa tumbo moja na Lancia Thema, Fiat Croma na Saab 9000, kwani viwanda hivyo vilipatana kutumia msingi mmoja. Ilikoma kutengenezwa kabla ya mwaka 2000, basi kila unayoiona leo imekwisha kupita miaka 25.

Mwandishi wa somo hili anayo moja, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao. Majirani wanacheka: watu wote wa Kolwezi wanapanda Toyota, na yeye anahangaika kutafuta vipande hata Lubumbashi. Tuwaache wacheke. Dunia inaongea kila siku juu ya motokari za umeme zinazotaka kobalti ya Lualaba, lakini ndani ya lupango zetu ni mota za esanse tu, na tunazifungua kwa mikono yetu. Kama yako ni Mercedes, Peugeot ao Toyota, soma vilevile; chuma hakiulizi jina.

Tuanze na kriki, kwa maana ndiyo inayoua upesi. Motokari hii ina uzito wa zaidi ya kilo 1,200. Kriki ni chombo cha kuinua, si chombo cha kushikilia. Wale waliofanya kazi chini ya udongo Kamoto wanafahamu neno hili kuliko sisi wote: dari inakaa juu ya nguzo. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya katikati ya mgodi ule ilianguka, na kila mtu wa Kolwezi alijifunza nguzo ni kitu gani. Basi ukiisha kuinua, tia nguzo. Nguzo ya motokari ni shandeli za chuma, mbili kila upande unaoinua, zikikaa mahali pagumu pa msingi wa motokari, si chini ya bati. Ukikosa shandeli, panga vipande vinene vya mbao ngumu kwa kupishana, viwili hivi, viwili hivi, mpaka vifike juu. Usitumie bloki za simenti. Bloki inaonekana yenye nguvu, nayo inavumilia mzigo siku nyingi, halafu inapasuka mara moja bila kukupa alama yoyote. Mbao inalia kwanza.

Udongo wetu nao tuutazame. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu ni mgumu kama tofali. Ikinyesha mvua ya Novemba, mguu wa kriki unazama polepole nawe hujui. Weka ubao mpana chini ya kriki na chini ya kila nguzo, na usiinue mahali penye mteremko.

Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi wanalifanya. Fre ya mkono ya Alfa 164 inashika magurudumu ya nyuma, lakini mota yake inavuta magurudumu ya mbele. Ukiinua upande wa nyuma, magurudumu yaliyoshikwa na fre yako hewani, na yale yaliyobaki chini yako huru kutembea. Motokari inateleza mbele, kriki inalala, nawe uko chini. Basi kabla ya kuinua, tia gia ya kwanza, na zuia kwa vipande vya mbao, mbele na nyuma, magurudumu yale yatakayobaki chini. Ikiisha kukaa juu ya nguzo, isukume kwa mikono kwa nguvu kabla ya kuingia. Kama inapashwa kuanguka, ianguke wewe ukiwa umesimama nje. Na gurudumu ulilolitoa, ulilaze chini ya motokari pembeni mwako. Ni nguzo ya mwisho, nayo haina bei.

Sasa tuje kwa mota. Mota ya silinda sita ya Alfa 164 ina mkanda wa mpira unaoendesha supapi. Garajini wanauita kuruwa ya distribisyo. Mkanda huu ukikatika wakati mota inazunguka, pistoni zinapiga supapi na kuzipinda, na pesa ya kutengeneza inaweza kushinda bei ya motokari yenyewe. Motokari nyingi za kwanza za aina hiyo zina kikaza mkanda kinachotumia mafuta ya mota, nacho kikizeeka kinavuja, mafuta yanaloanisha mkanda, nao mkanda unaharibika mbele ya wakati wake. Kwa hiyo, ukinunua motokari ya zamani bila karatasi ya matengenezo, usiulize muuzaji mkanda una kilomita ngapi. Ubadili tu.

Ila kazi ya mkanda ni kazi ya vidole ndani ya meno ya chuma. Jirani yangu mmoja alikuwa akigeuza mota polepole kwa kle, ili alama zikutane, na mtoto wake mdogo akaingia kucheza dereva. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Mtoto aliugeuza. Jirani yangu leo anahesabu vidole tisa, na mtoto, aliyekwisha kuwa kijana, hapendi hata sasa mtu aikumbushe habari hiyo mbele yake. Yule baba kazini alikuwa fundi wa umeme, mtu wa kutia kufuli kila siku! Fanya kama kazini: ufunguo mfukoni mwako, na waya ya batri ya alama ya kutoa uifungue, uifunge kitambaa. Na ukumbuke kwamba katika motokari nyingi feni ya radiateri ni ya umeme, na inaweza kuanza yenyewe hata mota ikiwa imezimwa, sababu maji yangali ya moto. Batri ikifunguliwa, feni haina nguvu.

Radiateri inachoma watu wengi, na sababu yake inafaa kufahamiwa. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400, kwa hiyo maji ndani ya sufuria yetu yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Ndani ya radiateri iliyofungwa, maji yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka, kwa sababu kifuniko kinayakandamiza. Ukifungua kifuniko, ukandamizo unakwisha, na maji yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, mbele ya uso wako. Kitambaa mkononi hakitoshi. Ngoja mpaka uweze kushika bomba la juu kwa mkono mtupu bila kuumia. Kama dakika ni 40, ngoja dakika 40.

Wengi wetu tunajaza maji ya bomba tu, tukisema huku hakuna barafu. Mota ya Alfa ni ya alumini, na maji matupu yanaila kidogo kidogo toka ndani. Ile dawa ya rangi inayotiwa katika radiateri inazuia kutu pia. Lakini mama asikilize hapa: dawa hiyo ni tamu na ni sumu kali. Usiiache ndani ya beseni, wala ndani ya chupa ya limonadi. Mbwa anailamba, mtoto anaionja.

Asidi ya batri ni asidi ile ile ya salfa tunayoitumia katika viwanda vya kuyeyusha shaba, kama vile Luilu. Mwaka 2019 lori lililobeba asidi ya mgodi lilipata ajali kijijini Kabwe, kwenye barabara ya Kolwezi, na watu zaidi ya kumi walikufa. Hatuhitaji kuelezwa tena asidi inafanya nini. Lakini nyumbani tunainua batri iliyopasuka na kuibeba tumboni, bila miwani. Tena batri inapopokea umeme inatoa gesi ya hidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuilipusha. Ukifungua nyaya, anza na ile ya kutoa. Ukifunga, iwe ya mwisho. Asidi ikiingia jichoni, usitafute mafuta wala maziwa ya mama. Maji safi, mengi, dakika 20 bila kuacha, kope zikishikwa wazi, kisha hospitali.

Na esanse? Hapa tuna desturi mbaya mbili. Ya kwanza ni kuosha vipande kwa esanse ndani ya bakuli karibu na nyumba. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unatambaa juu ya udongo kama nyoka, unafika kwa mbabula ambapo mama anapika bukari, kisha moto unarudi njia ile ile mpaka kwenye bakuli na mikono yako. Meta kumi si mbali kwa mvuke. Osha vipande kwa maji ya moto na sabuni. Na umeme ukikatika usiku, funga kazi. Mshumaa usikaribie mota iliyofunguliwa. Karibu na wewe weka ndoo ya mchanga, kwani maji yanaeneza moto wa esanse. Kumbuka vilevile kwamba Alfa hii haina karburateri: mota ya silinda sita inapata esanse kwa sindano za Bosch, na ndani ya bomba esanse inasukumwa kwa nguvu hata mota ikiisha kuzimwa. Ukilegeza bomba, inaruka machoni na juu ya chuma cha moto. Mota ipoe, kitambaa kizungushwe, ulegeze polepole.

Desturi ya pili ni kunyonya esanse kwa mdomo ili itoke ndani ya tangi. Wauza esanse wa barabarani, wale tunaowaita kadhafi, wanafanya hivyo, nasi tunawaiga. Tone likipita njia ya hewa linaingia katika mapafu na kuyachoma, na homa na kikohozi vinafuata. Mtu aliyemeza esanse asilazimishwe kutapika, kwani kutapika kunaipitisha tena karibu na mapafu. Asipewe maziwa wala mawese. Apelekwe hospitali, hata kama anasema anajisikia vizuri. Pompi ndogo ya mkono yenye bomba la plastiki haina bei kubwa.

Wakati wa baridi ya Juni na Julai, watu wanapenda kuwasha mota ndani ya garaji iliyofungwa ili ipate moto. Moshi wa esanse una oksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inaanza kwa kuumwa kichwa na kulegea miguu, na mtu anadhani ni uchovu wa posti ya usiku. Toa motokari nje kwanza.

Juu ya vumbi la fre: mchimbaji anafahamu vumbi la jiwe na silikosi. Plaketi za fre za zamani zilitengenezwa kwa amianti, na vumbi lake ni baya vivyo hivyo kwa mapafu. Italia iliikataza amianti mwaka 1992, lakini motokari nyingi za aina hii zilikwisha kutoka kiwandani, na plaketi zisizo na jina huwezi kujua zina nini. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pompi ya hewa. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa, fua nguo mbali na nguo za watoto.

Kazi moja usiifanye nyumbani: kufungua resori za mbele. Barabara zenye mashimo zinaua amortiseri, nasi tunataka kuzibadili wenyewe. Resori ile imekandamizwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na waya wa kufungia haiwezi kuishika. Ipeleke kwa garaji yenye chombo chake.

Mama, hili ni lako. Mwambie asiingie chini ya motokari kama hakuna mtu mzima katika lupango, na umwite kwa jina kila baada ya muda. Motokari ikimwangukia, usimvute. Wapigie kelele majirani, waje na kriki zao. Motokari iinuliwe na kutiwa mbao papo hapo, kwanza upande wa kifua, ndipo atolewe na kupelekwa hospitali, hata kama anasimama na kusema hana kitu.

Jumamosi iliyopita mwandishi alikuwa amefungua gurudumu la mbele ili atie mkanda mpya. Saa tisa mvua ilianza, na ubao wa upande wa kulia ulianza kuingia ndani ya udongo, upana wa kidole kimoja. Alikusanya kle zake. Alfa ingali juu ya mbao zake, imefunikwa turubai, na siku ya Jumatatu alikwenda kazini kwa miguu.